Krediti 32 Zilipokelewa, 19 Zilihesabiwa

Katikati ya Julai 2019, nikiwa kwenye basi la kunirudisha nyumbani kutoka zamu ya usiku, nilifungua kwa simu tathmini ya masomo kutoka chuo kikuu kilichokuwa kimenipokea, nikasoma kwamba krediti zangu zote 32 za chuo cha kwanza, yaani vipimo vya uzito wa masomo niliyofaulu, zimehamishwa. Furaha ile ilidumu vituo vitatu vya basi. Nilipoendelea kuuteremsha ukurasa nilikuta orodha ya pili, iliyopangwa kwa kufuata mahitaji ya shahada ya uhandisi ujenzi, na humo masomo yangu yalikuwa yamegawanywa makundi mawili: yaliyojaza nafasi ya somo fulani la shahada, na yaliyosukumwa chini kabisa kwenye kisanduku cha masomo ya ziada. Yaliyojaza nafasi yalifika krediti 15 tu. Zaidi ya nusu ya mwaka wa kusoma mchana na kubeba boksi usiku ilikuwa imepokelewa kwa heshima zote, kisha ikawekwa stoo.

Nilifika Texas, Marekani, mwaka 2017 kwa bahati nasibu ya viza, nikiwa na umri wa miaka 20 na cheti cha kidato cha sita cha mchepuo wa PGM, yaani fizikia, jiografia na hisabati ya juu. Nilifikia kwa mama mdogo, Fort Worth, naye alinipa mashauri mawili ambayo hadi leo namshukuru kwayo. La kwanza ni kutojiandikisha chuo chochote kabla ya kutimiza miezi 12 ya kuishi na kufanya kazi katika jimbo lile, kwa sababu mkazi hutozwa ada ndogo sana kuliko anayehesabiwa mgeni, na katika miezi hiyo kutunza kila hati ya mshahara pamoja na mkataba wa nyumba, kwani chuo hudai ushahidi. La pili ni kuanzia chuo cha jamii, ambako krediti moja ilinigharimu chini ya dola 80, kisha kuhamia chuo kikuu.

Nilipomweleza baba, yeye akiwa Morogoro, nilifanya kosa la kulitafsiri jina la chuo neno kwa neno. Kwetu Tanzania anayesikia chuo cha jamii hufikiria Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa miaka ya 1970, ambako watu hujifunza ushonaji, useremala na ufundi mwingine wa kujitegemea. Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukajifunze cherehani?" Nilimfafanulia kwamba Marekani chuo cha namna hiyo ni cha umma, kwamba hufundisha masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya shahada, na kwamba wengi hukusanya krediti 60 hivi hapo kisha wakaingia chuo kikuu mwaka wa tatu. Alikubali kwa mdomo. Lakini tangu siku hiyo kila simu, baada ya shikamoo na marahaba, ilifuatiwa na swali moja: chuo kikuu lini? Nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya nihame baada ya mwaka mmoja badala ya miwili. Sikuwa na sababu ya kitaaluma, nilikuwa na aibu tu.

Kosa la kwanza nililifanya hata kabla ya kuingia darasani. Mwanafunzi mpya asiye na alama za mitihani ya Kimarekani hufanya mtihani wa kupima kiwango chake cha kusoma, kuandika na hisabati, na mimi niliufanya saa tatu asubuhi nikitoka moja kwa moja ghalani, bila kulala wala kufungua daftari, kwa imani kwamba mtu wa PGM hahitaji kujiandaa kwa hesabu za kawaida. Nilikuwa sijagusa hesabu kwa miaka miwili. Matokeo yalinipeleka kwenye aljebra ya mwanzo ya chuo, na mimi, niliyekwisha kufundishwa kutafuta eneo lililo chini ya mstari uliopinda kwa kalkulasi, hesabu za ngazi ya juu, nikakaa muhula mzima nikifundishwa kutafuta thamani ya x. Sikuuliza kama mtihani ule unaweza kurudiwa. Unarudiwa, na kwa ada ndogo. Kama kuna jambo moja ningependa kijana aliyesoma sayansi nyumbani alikumbuke, ni kwamba wiki mbili za kujikumbusha hesabu kabla ya mtihani huo zina thamani ya mwaka mzima, kwa sababu katika uhandisi kila kitu huning'inia kwenye mnyororo wa hisabati: bila kalkulasi ya kwanza huingii ya pili, wala fizikia ya wahandisi, na bila hizo huigusi mekanika ya majengo.

Kosa la pili lilifanyika katika ofisi ya mshauri wa masomo, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu. Nilimwambia kwamba nataka kuhamia chuo kikuu, lakini sikumwambia chuo gani wala shahada gani, naye kwa nia njema akanipangia masomo ya msingi ambayo humfaa mtu yeyote. Texas ina krediti 42 za masomo ya msingi ambazo vyuo vyote vya umma hutambuliana, pia ina mfumo wa namba za masomo unaotumika katika vyuo vingi vya jimbo, hivyo somo la ENGL 1301, ambalo ni uandishi wa Kiingereza, hueleweka popote utakapokwenda. Hata namba yenyewe husomeka: tarakimu ya kwanza huonyesha ngazi ya somo na ya pili huonyesha idadi ya krediti. Nilijifunza kuzisoma namba hizo mapema, nikajiona nimeujua mfumo. Sikuelewa kwamba kutambuliwa na kuhitajika ni mambo mawili. Katika muhula wa Agosti 2018 nilisoma ENGL 1301, HIST 1301 ya historia ya Marekani, MATH 1314 ambayo ndiyo ile aljebra, BIOL 1308 ambayo ni biolojia ya wasio wanasayansi, na EDUC 1300, somo la mbinu za kujifunza ambalo chuo chetu kililitaka kwa kila mgeni. Jumla krediti 15. Biolojia ile ilinipendeza sana, lakini shahada ya uhandisi hujaza nafasi ya sayansi kwa fizikia na kemia, na mwalimu wangu mzuri wa biolojia hakuwa na kosa lolote kwa hilo.

Muhula wa Januari nilisoma ENGL 1302, GOVT 2305 ya serikali ya Marekani, CHEM 1411 ya kemia, na MATH 2412, daraja la kati kati ya aljebra na kalkulasi. Hizo ni krediti 14. Jumlisha mwenyewe, utapata 29, nayo namba hiyo ilinisumbua kuliko namba nyingine yoyote maishani mwangu.

Chuo kikuu nilichokitaka, kama vyuo vingi vya huko, kilimtazama mwombaji mwenye krediti 30 na zaidi kwa matokeo yake ya chuo peke yake, lakini aliye chini ya hapo kilimtaka alete pia matokeo ya sekondari. Isitoshe, kilihesabu krediti zilizokwisha kukamilika siku ya mwisho ya maombi, si zile ambazo mtu bado yumo darasani akizitafuta. Nilituma maombi Februari 2019, hivyo machoni pao nilikuwa na krediti 15. Ghafla mtu aliyedhani ameiacha sekondari nyuma yake akalazimika kuirudia: kampuni ya kutathmini vyeti ilitaka matokeo yangu ya kidato cha nne na cha sita yathibitishwe na Baraza la Mitihani lenyewe, nakala zangu zenye mihuri ya wakili hazikutosha, na binamu yangu aliyeko Dar es Salaam akapoteza siku tatu za kazi yake akinishughulikia. Tathmini na kutuma nyaraka vilinigharimu zaidi ya dola 250, fedha ya wiki nzima ya boksi baada ya kodi. Ushauri wangu ni kwamba anayetaka kuhama baada ya mwaka mmoja aishughulikie tathmini hiyo mwezi wa kwanza tu wa masomo, na aombe ile ya somo kwa somo, si ya jumla, kwa kuwa baadhi ya vyuo vikuu hutoa krediti kwa masomo ya kidato cha sita. Changu kilikuwa miongoni mwa visivyotoa, lakini sikuwa nimelijua hilo nilipokichagua, kwa maana sikuuliza.

Habari ya fedha inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo niliumia zaidi moyoni. Msaada wa serikali kuu huombwa kwa fomu iitwayo FAFSA, na mwenye ukaazi wa kudumu, kama mimi niliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, anaruhusiwa kuijaza. Tatizo ni kwamba asiye na mume, mtoto au sababu nyingine maalumu, akiwa chini ya miaka 24, huhesabiwa kuwa bado yumo mikononi mwa wazazi, hata kama wazazi wako Morogoro na yeye hajalala kwao kwa miaka miwili. Ilinibidi kumuuliza baba mapato yake. Sijui wenzangu mmelelewaje, lakini kwetu binti hamuulizi baba yake anaingiza shilingi ngapi katika duka lake la vipuri vya baiskeli. Kimya kilichofuata kwenye simu kilikuwa kirefu. "Wanataka kunikata kodi huko?" aliuliza. Nilimweleza kwamba wanataka kujua kama anaweza kunilipia ada. Alicheka, akanitajia kiasi ambacho nina hakika alikiongeza kidogo kwa kulinda heshima yake, nami nikakigeuza kuwa dola kwa bei ya siku ile. Kwa kuwa hakuwa na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, hakuweza kusaini kwa kompyuta. Ukurasa wa saini ulichapwa Morogoro, ukasainiwa kwa kalamu, ukaja na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akisafiri, ndipo nikauweka posta mimi mwenyewe. Utaratibu wa wazazi walioko nje umebadilika tangu wakati huo, hivyo anayejaza leo asome maelekezo ya mwaka wake.

Baada ya taabu yote hiyo, fomu niliyoijaza Oktoba 2018 kwa ajili ya mwaka uliofuata niliiandikia chuo kimoja tu, kile cha jamii. Chuo kikuu hakikuwemo. Fomu ingebeba hadi vyuo 10, na kuongeza chuo ni suala la kuingiza namba yake ya tarakimu sita, lakini mimi nilidhani msaada ukishapatikana humfuata mwanafunzi kama kivuli. Hapana, kila chuo hukupangia upya. Nilipokubaliwa mwezi Aprili nikasubiri barua ya fedha hadi mwisho wa Mei, na nilipopiga simu niliambiwa kwa upole kwamba hawana habari zangu. Namba iliongezwa siku ileile, na ruzuku ya Pell Grant, fedha ya serikali kuu isiyorudishwa, ambayo kiwango chake cha juu mwaka ule kilikuwa dola 6,195, haikupotea. Kilichopotea ni nafasi ya kufikiriwa kwa misaada ya jimbo, ambayo mwaka ule iliwatanguliza waliowahi tarehe 15 Januari. Katika chuo cha jamii Pell ililipa ada, ikabaki ya vitabu na nauli. Chuo kikuu ada peke yake ilizidi dola 5,000 kwa muhula, hivyo nilikopa. Na Pell yenyewe ina kikomo cha mihula 12 katika maisha ya mtu. Miwili kati yake niliitumia kwa masomo ambayo karibu nusu yake hayakuhesabiwa.

Kuna fedha nyingine niliyoiacha mezani kwa ujinga mtupu. Mwezi Februari nilipata barua pepe ikinialika kujiunga na Phi Theta Kappa, nikaifuta, kwa sababu barua inayokusifu kisha ikakuomba ada ya kujiunga ina harufu ya utapeli kwa yeyote aliyekulia kwetu. Kumbe ni jumuiya halisi ya wanafunzi wenye alama za juu katika vyuo vya jamii, iliyokuwepo tangu 1918, na vyuo vikuu vingi hutenga ufadhili kwa wanachama wake wanaohamia. Chuo kikuu changu kilikuwa nao. Niliuona baada ya siku ya mwisho ya maombi kupita.

Ingawa nilikuwa nimekwisha kukubaliwa, bado nilitaka kuivuka ile 30, nikasoma HIST 1302 katika muhula mfupi wa kiangazi, na hivyo nikafikisha krediti 32 zilizonifurahisha kwenye basi. Siku mbili baada ya kuisoma tathmini nilikwenda idara ya uhandisi bila miadi. Mshauri wa pale, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinichorea mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja aliandika ofisi ya usajili, upande wa pili idara. Akaniambia kwamba ofisi ya usajili huamua kipi kinapokelewa, na idara huamua kipi kinahesabiwa, na kwamba wanafunzi wengi wanaohamia huijua ofisi ya kwanza peke yake. Kisha akapitisha kalamu: aljebra, daraja la kalkulasi, biolojia, mbinu za kujifunza, krediti 13, hizo hazina rufaa. Alipofika kwenye kemia, ambayo nayo ilikuwa imewekwa kwenye ziada, aliuliza kama nina muhtasari wa somo ule ambao mwalimu hugawa wiki ya kwanza. Nilikuwa nao, umekunjwa ndani ya kitabu cha maabara, una doa la chai. Aliusoma ukurasa kwa ukurasa, akahesabu saa za maabara, akaupiga picha. Wiki tatu baadaye kemia ikahama, na 15 zikawa 19. Krediti nne zile zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 1,500 kwa bei ya chuo kikuu. Tangu siku hiyo sijawahi kutupa muhtasari wa somo lolote.

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu, na sitaupamba. Wanaohamia hujisajili baada ya wenyeji, kwa hiyo nilipata kalkulasi ya saa mbili asubuhi, wakati boksi lilikuwa likiisha saa kumi na moja alfajiri. Alama zangu za chuo cha jamii, GPA (wastani wa alama, wa juu kabisa ukiwa 4.0) ya 3.7 niliyoitafuta kwa jasho, hazikuvuka nami. Krediti huhama, wastani hubaki nyuma, na chuo kikuu kilinianzishia daftari jipya. Desemba daftari hilo lilisoma 2.4. Nilikuwa sijui mtu, wenzangu wa kalkulasi walikuwa na miaka 18 na makundi yao ya bweni, nami nilikuwa nikisinzia mstari wa nyuma. Januari niliacha zamu ya usiku, nikachukua saa chache za kazi katika maktaba ya chuo kwa mshahara mdogo zaidi, nikaanza kwenda kwa wahadhiri saa zao za kuonana na wanafunzi. Hilo la mwisho lilinichukua muda kulizoea, maana nilikotoka mwanafunzi anayegonga mlango wa mhadhiri ama ameitwa ama ana kesi.

Huwa naulizwa kama kuhama baada ya mwaka mmoja ni kosa. Kwa baadhi ya watu ni uamuzi mzuri. Rafiki yangu Mkongomani, mzaliwa wa Uvira, alihama wakati uleule na akafaidika, kwa sababu alikwenda kusomea uhusiano wa kimataifa, shahada iliyodai lugha ya kigeni na masomo mengi ya msingi, na kwa sababu alifanya mtihani wa CLEP, ambao humpa krediti anayelijua somo bila kulisoma darasani, akaufanya wa Kifaransa, lugha aliyosomea tangu utotoni, akajizolea krediti kadhaa kwa asubuhi moja. Zake karibu zote zilihesabiwa. Kwangu mimi mahesabu yanasema vingine. Ningebaki mwaka wa pili ningesoma kalkulasi zote mbili na fizikia ya wahandisi kwa chini ya dola 80 kwa krediti, katika madarasa ya watu 25, na ningeingia chuo kikuu nikiwa ndani ya mnyororo badala ya kusimama mlangoni pake. Krediti 19 zilinipunguzia uzito wa mihula, lakini hazikunipunguzia hata mwaka mmoja: nilihitimu Mei 2023, miaka minne kamili ya masomo tangu nihame. Anayefikiria kuhama na achukue kwanza ramani ya shahada ya chuo anachokwenda, aweke kidole kwenye kila somo analosoma sasa, na kama kidole hakina pa kutua, aliache somo hilo hata kama mshauri analisifu.

Mwanzoni mwa 2021 bahasha ngumu ilifika kwa mama mdogo. Texas ina utaratibu ambao mtu aliyehama akiwa na krediti zisizopungua 30 za chuo cha jamii, akishafikisha jumla ya 66, masomo yake ya chuo kikuu yanaweza kurudishwa nyuma kihesabu ili chuo cha jamii kimtunuku shahada yake ya miaka miwili. Nilikuwa nimetia alama ya kukubali kwenye fomu fulani ya uhamisho na kusahau. Humo ndani mlikuwa na cheti chenye jina langu kamili, na zile krediti za stoo zilikuwa zimehesabiwa humo. Nilikipiga picha nikamtumia baba. Alikikuza kwenye simu yake, akakisoma herufi kwa herufi, kisha akanipigia.

"Hiki ndicho kile cha cherehani?"

"Ndicho, baba."

"Basi kitie plastiki," alisema, "uniletee."